Kachinjwa na nani? Maswali ya nyama mjini Tanga

Ukitaka kujua mji wa Tanga unavyowaza kuhusu nyama, usianzie buchani. Anzia soko la samaki la Deep Sea, asubuhi ngalawa zinapoteremsha mzigo, utazame nani anachukua nini. Msunni wa Kishafii, na Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu hayo, ananunua papa, taa, pweza, ngisi. Kwake karibu kila kinachotoka baharini ni halali. Mshia Ithnaasheri aliyesimama naye bega kwa bega anatafuta magamba kwanza. Changu sawa, kamba sawa maana wameruhusiwa, lakini papa na pweza hagusi. Msabato naye anataka magamba na mapezi, na kwake hata kamba hapiti, kwa sababu sura ya 11 ya Mambo ya Walawi haikumwachia mlango. Mhindu asiyekula kiumbe hafiki huku kabisa. Yuko Mgandini anachagua bamia. Halafu yupo mzee wa Kimaasai aliyeshuka na ng'ombe kutoka Handeni. Kwa mila za kwao samaki si chakula cha mtu, na harufu tu ya soko lile inamtosha.

Hawa wanakutana kila siku. Wanapanda bajaji moja, wanachangiana arusi za watoto. Kila mmoja ana mpaka wake, na kila mmoja anauona mpaka wa mwenzake wa ajabu kidogo. Lakini ukimtoa yule Mhindu, hakuna anayeuliza kama ni haki kumuua mnyama ili umle. Wanauliza mengine: ni mnyama gani, kafaje, kachinjwa na nani, na fungu kapewa nani.

Lile swali kubwa, la kama ni haki, limetufikia kwa njia nyingine. Limekuja na watalii wa Pangani na Ushongo wanaoagiza chakula kisicho na nyama, samaki, mayai wala maziwa, na mpishi anawapelekea wali na maharage huku akijiuliza kwa nini mtu mwenye hela zake aombe chakula cha mwisho wa mwezi. Limekuja pia na vijana wetu waliosoma mbali. Kijana anarudi likizo, anakaa kwenye jamvi la Idd, anasema yeye siku hizi hali nyama. Shangazi anaweka sinia chini. "Umeambiwa na daktari?" Akisema hapana, ni uamuzi wake tu, kimya kinachofuata ni kirefu kuliko dua.

Nadhani shangazi na mpwa wake hawabishani. Wanajibu maswali mawili tofauti, na kila mmoja anadhani mwenzake kashindwa kujibu la kwake.

Swali la mpwa

Hoja anayoibeba kijana ina historia. Mwanafalsafa wa Kiingereza Jeremy Bentham aliandika mwaka 1789 kwamba, tukitaka kujua mnyama anastahili nini kwetu, tusiulize kama anafikiri au anazungumza. Tuulize kama anaumia. Karibu miaka mia mbili baadaye, mwaka 1975, Mwaustralia Peter Singer aliishika hoja hiyo na kuipeleka kwenye mabanda ya viwandani ya Ulaya na Marekani: kuku waliobanwa kwenye vizimba wasiweze kukunjua bawa, nguruwe jike asiyeweza kugeuka alipolala. Kama maumivu ni maumivu, alisema, basi raha ya ulimi haiwezi kuyahalalisha.

Ni hoja nzito, na anayeipuuza kwa kucheka hajaisikiliza. Ila ina mtu wake iliyemlenga. Mmarekani wa kawaida anakula zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka, na sehemu kubwa inatoka kwenye mabanda hayo. Mtanzania, kwa hesabu ambayo wizara ya mifugo imekuwa ikiitaja, anakula kilo 15 hivi. Kilo 15 nazo ni wastani tu: yumo mwenye baa ya nyama choma na yumo bibi wa kijiji cha Mkinga anayeonja nyama kwenye hitima, arusi na Idd mbili. Ukimwambia bibi huyo apunguze nyama kwa ajili ya dunia, umemtuma alipe deni la mtu mwingine.

Hoja hii inagusa hali ya hewa ya dunia pia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2013 lilikadiria kuwa mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Hesabu yake ya mwaka 2023 ilishuka hadi kama asilimia 12. Ng'ombe wetu wamo humo, kwa sababu ng'ombe anayekula majani makavu na kukua polepole hutoa methani nyingi kwa kila kilo ya nyama. Wamo, sawa, lakini ng'ombe wa Handeni ni pia benki, mahari, maziwa ya watoto na karo ya shule, na hakuna kipimo cha gesi kinachohesabu hayo. Naliacha hapo. Jambo lenye utata zaidi liko karibu na kisu.

Swali la shangazi

Mwislamu wa pwani hahofii nyama, anahofia kibudu. Mnyama aliyekufa mwenyewe, aliyenyongwa, aliyepigwa akafa, aliyeanguka au aliyeraruliwa na mnyama mwenzake, wote wametajwa katika aya ya tatu ya Suratul Maida, pamoja na damu na nyama ya nguruwe. Wanaookoka ni wale tu waliowahiwa kuchinjwa kabla roho haijatoka. Kwa hiyo uhai wa mnyama hauchukuliwi hivi hivi. Lazima uchukuliwe na mtu, kwa makusudi, kwa namna maalumu: kisu kikali kikate koo la pumzi na umio wa chakula, na mishipa miwili mikubwa ya damu ya shingoni iende pamoja navyo, damu itoke. Jina la Mungu linatajwa. Hata hapa wanazuoni wamepishana: kwa Mashafii kutaja jina ni sunna, kwa madhehebu mengine ni lazima, na asiyejua hilo hushangaa akiona masheikh wawili wanatofautiana juu ya kuku mmoja.

Kuna hadithi katika mkusanyo wa Imam Muslim, iliyopokewa na Shaddad bin Aws, ambayo wachinjaji wengi wanaijua kwa moyo. Maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo. Basi mkichinja, chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Mafundisho ya uchinjaji yameongeza mengine juu ya hilo: usinoe kisu mbele ya mnyama, usimchinje mmoja mwenzake akitazama, usimburute kwa mguu kumpeleka anakochinjiwa.

Hayo ndiyo maadili ya nyama kwa lugha ya hapa. Yanakubali kifo na kukiwekea masharti. Kijana akisema maumivu ya mnyama hayana thamani kwa watu wa kwao, hakusoma madrasa vizuri.

Mkristo yuko mahali pengine. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila kiuzwacho sokoni wale bila kuuliza-uliza, na kwa Wakristo wengi mlango ulifunguliwa hapo. Mwanglikana wa Muheza anakula kilichochinjwa na Mwislamu bila wasiwasi. Mwislamu, kwa upande wake, ana aya ya tano ya sura ileile ya Maida inayomruhusu chakula cha Watu wa Kitabu, lakini kwa mazoea ya pwani wengi hawaitumii. Wanataka kujua mkono ulioshika kisu. Kutokana na tofauti hiyo ukazaliwa utaratibu ambao haukuandikwa na mtu: nyama ya kuuzwa kwa watu wote inachinjwa na Mwislamu, maana hiyo ndiyo ambayo pande zote mbili zinaweza kuila.

Utaratibu wa namna hii unafanya kazi vizuri hadi siku mtu anapouliza kwa nini. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani achinje uligeuka vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Miaka ishirini kabla yake, Aprili 1993, mabucha ya nyama ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam. Tanga haikufika huko. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba hapa Waislamu na Wakristo wamechanganyika ndani ya ukoo mmoja, hasa Wabondei na Wasambaa, na huwezi kuanzisha vita ya bucha na mjomba wako.

Kitimoto ipo mjini, ina mabanda yake na wateja wake, na wanaoitaka wanajua ilipo. Kinachowachanganya wageni ni ukali wa jambo lenyewe. Dada wa Kikristo aliyepikia kitimoto anaosha karai lake kwa sabuni mara tatu, analipeleka kwa jirani aliyeomba la kukaangia sambusa, na jirani anakataa kwa upole. Anaona ametukanwa. Hakutukanwa. Kwa fikihi ya Kishafii, yaani sheria ya ibada na maisha ya Mwislamu, najisi ya nguruwe ni kama ya mbwa: chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na sabuni ya unga haihesabiwi udongo. Kumbe Msabato wa nyumba ya tatu, ambaye naye nguruwe hali, angelikataa karai lilelile kwa sababu nyingine kabisa. Watu hawa wawili wanaweza kula meza moja kwa raha zote, mradi hapaletwi pweza.

Kisu na bongo

Hapa ndipo mabishano ya Ulaya yanapogusa bucha letu. Katika machinjio ya huko mnyama kwa kawaida hupoozwa kwanza: ng'ombe kwa bastola ya chuma inayopiga fuvu, kondoo na kuku kwa umeme, ndipo anachinjwa akiwa hana fahamu. Majimbo mawili ya Ubelgiji, Flanders na Wallonia, yalipiga marufuku mwaka 2019 kuchinja bila kupooza, na mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaiunga mkono sheria ya Flanders Desemba 2020. Waislamu na Wayahudi wa huko waliona dini zao zimeguswa. Watetezi wa wanyama waliona ng'ombe amehurumiwa.

Ukweli wa mwili wa mnyama uko katikati. Kisu kikali kikikata mishipa ya shingo ya kondoo au mbuzi, bongo linakosa damu upesi, na fahamu hupotea ndani ya sekunde chache. Ng'ombe ni tofauti. Anayo mishipa mingine ya damu inayopanda kichwani ndani ya mifupa ya shingo, ambayo kisu hakiifikii, kwa hiyo damu inaendelea kulifikia bongo kwa muda. Ng'ombe mwingine hupoteza fahamu baada ya sekunde kadhaa, mwingine huchukua dakika nzima. Kisu butu, au mkono unaokata kwa kurudia-rudia, huongeza muda huo na maumivu yake.

Baadhi ya wanazuoni wamekubali kupooza kunakorudisha fahamu, yaani mnyama ambaye asingechinjwa angeamka, kwa sharti kwamba afe kwa kisu wala si kwa umeme. Wengine wamekataa, wakihofia mnyama atakufa kabla ya kisu na kuwa kibudu. Mimi nawaelewa wanaokataa, ila naona wanaokubali ndio walioisoma hadithi ya Shaddad hadi mwisho. Na ukali wa kisu si jambo dogo la ufundi. Ni nusu ya ibada yenyewe.

Fungu la nani

Kabla ya kufika barabarani nigeuke kidogo upande wa milimani, maana kuna jambo ambalo hoja ya kijana haina nafasi ya kuliweka.

Masimulizi ya Wasambaa yanasema ufalme wao ulianza na nyama. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka upande wa Nguu, kijana aliyeonekana mkosi kwa sababu meno yake yalianza kuota juu, na akanyimwa urithi wa baba yake. Akaingia msituni na mbwa wake, akiwinda nguruwe pori. Alipofika Usambara aliwakuta watu wa migomba na mahindi wasio na kitoweo. Akawapa nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Akaua simba aliyewasumbua, na hatimaye watu wa Vugha wakamfanya mfalme. Wakilindi, uzao wake, walitawala milima ile kwa vizazi. Inanichekesha kila nikiisikia: milima ambayo leo ina misikiti kila kona, mfalme wake wa kwanza alijipatia kiti kwa kugawa nyama ya nguruwe.

Lakini tazama alichofanya. Hakupewa ufalme kwa kuwa na nyama. Alipewa kwa kuigawa. Ndivyo nyama inavyoishi katika mkoa huu hadi leo. Mbuzi wa akika, wanaochinjwa mtoto akizaliwa, wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, hachinjwi ili familia ishibe mwezi mzima. Nyama ya udhiya, mnyama wa Idd ya kuchinja, hugawanywa, na mazoea mazuri ni sehemu tatu: ya nyumbani, ya ndugu na majirani, ya maskini. Kurani yenyewe inasema, katika Suratul Hajj, kwamba si nyama wala damu inayomfikia Mungu. Kinachomfikia ni uchamungu wa mchinjaji. Mtu anayesema "mimi sili" kwenye jamvi la Idd hakukataa protini. Amekataa fungu, na fungu ni undugu. Ndiyo sababu shangazi aliweka sinia chini.

Kijana angejibu, kwa haki, kwamba undugu unaweza kugawanywa hata kwa njugu mawe za nazi. Ni kweli, na kuna nyumba ambazo zitazoea. Zitachukua muda.

Na kama kijana ameacha nyama akabaki na maziwa, basi anafaa aijue Tanga vizuri zaidi. Mji huu ni wa maziwa. Maduka mengi yanauza paketi za maziwa za Tanga Fresh, na nyuma ya kila paketi wapo wafugaji wadogo wenye ng'ombe wawili watatu bandani, wanaokatiwa majani kila siku. Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae. Nusu ya anaowazaa ni madume. Ndama dume kwenye banda la maziwa anakula asicholipa, kwa hiyo huuzwa mapema, na anakoishia ni buchani. Mnywa maziwa na mla mishikaki wanakula kutoka kwenye zizi moja, ila mmoja hakuonyeshwa mlango wa nyuma.

Baharini hakuna kisu

Samaki hachinjwi. Hadithi inayojulikana inasema bahari maji yake ni tohara na mfu wake ni halali, kwa hiyo kwa Mashafii samaki aliyekufa mwenyewe si kibudu. Kwa mvuvi hii ni rehema kubwa. Kwa anayetafuta maadili ni pengo, maana masharti yote tuliyoyaona juu ya kisu yanakoma ufukweni.

Pengo hilo Tanga imelilipia. Kwa miaka mingi mwambao wetu ulijulikana kwa uvuvi wa baruti, ambao sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza. Mtu anarusha chupa iliyojaa kemikali na utambi, maji yanatutumka, anaokota waliozuka juu na kuwaacha waliozama. Matumbawe yanabaki kifusi. Miaka ya karibuni umepungua, ila mama yeyote mwenye uzoefu sokoni bado anajua kumtambua samaki wa baruti: anaminya mgongo kwa kidole gumba, nyama inabonyea na hairudi, anapasua tumbo, anakuta damu imevujia ndani na mifupa imeachana. Samaki huyo ni halali kwa kila kitabu cha fikihi nilichowahi kufundishwa, na masheikh waliosimama juu ya mimbari kuhubiri dhidi ya baruti ilibidi waifuate hoja nyingine, ya kuharibu ardhi na kudhuru watu. Walifanya vizuri.

Bahari ina mengine yanayojilinda yenyewe. Machi 2024, kisiwani Panza huko Pemba, ng'ambo yetu kabisa, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, ambayo wakati mwingine hubeba sumu isiyotoka hata kwa kuchemshwa. Kasa ni marufuku kisheria. Silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka na dinosaria, huku kwetu hunaswa kwa bahati mbaya kwenye majarife yaliyotegewa papa, na hifadhi ya bahari iliyopewa jina lake ilitangazwa hapa Tanga mwaka 2009.

Halafu pweza. Wakati wa bamvua wanawake wanashuka mwambani na fimbo, wanachungulia matundu, wanamtoa, anapigwa, na baadaye hupondwa tena ili alainike. Supu yake jioni ni fahari ya mji. Mwaka 2022 sheria ya Uingereza ilimwingiza pweza, pamoja na kaa na kamba, katika orodha ya viumbe wenye hisia, baada ya watafiti kukagua ushahidi kwamba wanaumia. Sioni mtu wa Tanga akiacha supu ya pweza kwa sababu ya bunge la London. Ila swali la Bentham, la kama anaumia, lina jibu jipya hapa, na pigo moja la haraka kati ya macho linamuua upesi kuliko kumwacha afie ndani ya ndoo au gunia. Wavuvi wazoefu wanalijua pigo hilo. Ni kulifundisha tu.

Kabla ya kisu

Sasa nirudi nchi kavu, kwenye jambo linalonisumbua mimi.

Ng'ombe wengi wanaoliwa mjini wanatoka mbali: minada ya Handeni, Kilindi, Korogwe. Wanapakiwa kwenye lori wamesimama, wamebanana. Akichoka akalala, anakanyagwa. Kumwinua, mtu anamsokota mkia au anamchoma kwa fimbo. Maji hakuna hadi mwisho wa safari. Akionekana anakata roho, gari linasimamishwa na kisu kinakimbiliwa, ili asiwe kibudu. Kila mtu anafarijika kwamba amewahiwa. Kisheria ya dini amewahiwa kweli. Lakini saa zote zile alizolaliwa na wenzake hazikuingia kwenye hesabu ya mtu.

Kuku naye. Wa kienyeji anafungwa miguu na wenzake, wananing'inizwa kwenye usukani wa baiskeli vichwa chini, kilomita kadhaa, hadi Makorora. Kuku wa kisasa wa nyama hayumo kizimbani, yumo bandani chini, na hilo ni afadhali. Ila amezalishwa anone ndani ya wiki tano au sita hadi miguu yake inalemewa na kifua chake. Sokoni anafika tenga limejaa, na anayechinja anachinja harakaharaka huku wengine wakitazama. Nimesimama pale mara nyingi. Mama aliye mbele yangu aliuliza siku moja, "Ustadh, umesema bismillahi?" Akajibiwa, "Nimesema mama, wote." Akalipa, akaondoka ameridhika. Kisu kilikuwa kinanolewa hapohapo, juu ya tenga.

Tanzania inayo sheria ya ustawi wa wanyama tangu mwaka 2008, inayogusa usafirishaji na uchinjaji, na sheria ya tasnia ya nyama ya mwaka 2006 iliyounda Bodi ya Nyama. Kwenye bucha utakuta muhuri wa mkaguzi mgongoni mwa nyama, na kwenye baadhi ya bidhaa cheti cha halali cha taasisi ya Kiislamu. Muhuri unasema nyama haina ugonjwa. Cheti kinasema mchinjaji alikuwa nani na alichinja vipi. Sijaona mteja anayeuliza kuhusu lori, na nadhani ni kwa sababu tumekubaliana bila kusemezana kwamba dini inaanzia kwenye kisu na serikali inaanzia kwenye zizi la machinjio.

Lakini masharti yetu wenyewe hayaanzii hapo. Anayetaka kuliona hilo aangalie udhiya. Mnyama wa udhiya akiwa kilema wa dhahiri, kipofu, mgonjwa au amekonda mno, hafai. Ng'ombe aliyevunjika mguu ndani ya lori hafai, hata akichinjwa na sheikh mkuu kwa kisu cha kunyolea. Na watu wanaochangia udhiya, saba kwa ng'ombe mmoja, wana nafasi ambayo mnunuzi wa nusu kilo hana: wanajua ng'ombe wao ni yupi kabla hajafa. Wanaweza kumnunua wiki moja kabla ya Idd badala ya usiku wa kuamkia, wakakodi gari lisilojazwa, wakampa maji na majani uani kwa mmoja wao, na asubuhi ile wakamtenga na wenzake kabla kisu hakijatolewa kwenye ala. Watoto watamzoea, na mmoja atalia akichinjwa. Baba yake hatakuwa na la kumwambia kwa haraka, na si lazima awe nalo.